Malalamiko: GPS iliyoungua kwa kufuata stika yenu

Kilosa, Morogoro
10 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA DHAMANA YA GPS YA MKONONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Januari mwaka huu nilinunua GPS ya mkononi katika duka lenu la Kariakoo. Risiti ya EFD ninayo, na kadi ya dhamana ya mwaka mmoja pia. Kifaa nakitumia kupima mipaka ya mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki ya kimila. Betri za kwanza aliziweka muuzaji wenu mwenyewe pale kaunta, kikafanya kazi vizuri. Zilipokwisha nikaweka mpya mbili za AA kwa kufuata stika iliyo ndani. Kifaa hakikuwaka, na betri zikapata moto.

Nilikileta kwenu kama kilivyo, betri zikiwa ndani. Kijana wa huduma alifungua mfuniko, akatazama, akaandika kwenye fomu: "Betri zimegeuzwa. Kosa la mtumiaji. Dhamana haihusiki." Kwamba ziligeuka, sibishi. Ninachotaka mkiangalie ni nani aliyeelekeza zigeuzwe.

Ndani ya chumba cha betri mmebandika stika ya Kiswahili, WEKA BETRI HIVI, yenye mchoro wa betri mbili na alama za + na −. Nilipoinua kona yake kwa kucha, nilikuta chini yake alama za kiwandani zilizochongwa kwenye plastiki. Zinasema kinyume. Penye + ya stika, plastiki ina −, kwa betri zote mbili. Wala msiniambie stika ilibandikwa juu chini: betri mbili zinazopishana ukizungusha mchoro wake nusu duara unabaki vilevile. Mchoro wenyewe ndio ulichapwa kinyume. Na kwa kuwa kifaa hiki kina springi pande zote mbili, huwezi hata kukisia upande wa hasi kwa kutazama springi kama kwenye tochi.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wenu angelitambua kama angefikiri kidogo. Mtu anayekosea kwa haraka hugeuza betri moja. Hapo 1.5 inakula 1.5, umeme unabaki sifuri, kifaa hakiwaki lakini pia hakiungui. Hiki kiliungua kwa sababu zote mbili ziligeuka pamoja, volti 3 zikaingia kinyumenyume, sawasawa na mchoro wenu unavyoagiza.

Baada ya ninyi kukataa (tarehe ya fomu yenu inaonyesha), nilimpelekea fundi. Aliweka betri kwa alama za plastiki: kimya. Akazitoa, akapima chanya na hasi za bodi kwa multimita, ikalia mfululizo, yaani shoti. Akaifuata mpaka kwenye chipu inayopandisha umeme wa betri, imetoboka tundu dogo juu yake. Kando ya njia ya chanya bodi ina nafasi iliyoandikwa D1, yenye alama ya dayodi (kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu), na haijawekwa kitu. Hilo ni la kiwanda, mkiwaandikia waulizeni. Vifaa vya betri mbili mara nyingi hukwepa dayodi ya kawaida kwa sababu inakula kama volti 0.7, lakini transista ya MOSFET, inayoweza kufanya kazi hiyohiyo, hula kidogo mno, na kizuizi cha plastiki kinachozuia kitako bapa cha betri kisiguse upande wa chanya hakili umeme kabisa. Fundi hakubadilisha wala kuchomea chochote.

Mle ndani kuna mipaka ya mashamba ambayo sikuwahi kuihamishia kwenye kompyuta. Kuipima upya ni kuwaita tena wenye mashamba na majirani wao wa kila upande wasimame mpakani, msimu huu wa palizi. Fidia ya usumbufu huo siiombi. Naomba haya:

Mnipe kifaa kipya cha aina ileile au mnirudishie fedha zangu zote. Kabla ya kukitupa cha zamani, fundi wenu ajaribu kusoma kumbukumbu yake, maana chipu iliyoungua ni ya umeme, huenda ya kumbukumbu ni nzima. Na bandueni stika hizo kwenye vifaa vilivyobaki dukani, kisha muwapigie simu walionunua vya aina hiyo. Namba zetu mliziandika kwenye kadi za dhamana.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na kifaa chenyewe, stika ikiwa bado imebandikwa.

Nimeambatisha nakala za risiti, kadi ya dhamana na fomu yenu, na picha mbili: stika, na alama zilizo chini yake.

Wenu,
Mteja (jina na sahihi vipo kwenye kadi ya dhamana)