Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani kuhusu gemu tunazolipia

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MASHARTI YA MAUZO YA GEMU NA BIDHAA NYINGINE ZA KIDIJITALI

Nakuandikia nikiwa mlaji wa kawaida, mkazi wa Sinza, mtu mzima mwenye kazi na familia ambaye bado anacheza gemu jioni na haoni haya kulisema. Ombi langu ni moja: Tume yako imtake kila anayemuuzia Mtanzania gemu au programu amweleze kabla ya kupokea fedha, kwa Kiswahili na kwa maandishi yanayosomeka, ni kitu gani hasa anachopewa, kitafanya kazi hadi lini, na kinaweza kuchukuliwa kwa sababu zipi.

Jirani yangu mmoja, kijana, anaendesha banda la gemu ambalo wateja hulipia kwa mechi. Mwaka jana alinunua katika duka moja la Kariakoo boksi la gemu ya mpira, jipya, likiwa bado limefungwa kwa nailoni yake. Alipolifungua hakukuta diski. Ndani kulikuwa na karatasi ndogo yenye namba ya kuingiza kwenye mashine ili gemu ipakuliwe kutoka mtandaoni, na alipoiingiza ikakataliwa, kwa sababu namba ile ilitolewa kwa ajili ya soko la nchi moja ilhali akaunti yake imesajiliwa nchi nyingine. Aliporudi dukani, muuzaji, ambaye naamini naye hakujua alichokuwa akiuza, alimwonyesha mstari uliochapwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. “Mimi nimekuuzia boksi, kaka, na boksi unalo,” akamwambia. Kwa hesabu ya duka, biashara ilikuwa imekwisha.

Huenda ukajiuliza kwa nini akaunti ya kijana wa Sinza imesajiliwa nje ya nchi. Orodha ya nchi ambazo Sony, kampuni inayotengeneza mashine za gemu za PlayStation, humruhusu mtu kufungulia akaunti ya PlayStation imekuwa na Afrika Kusini lakini haina Tanzania, kwa hiyo wachezaji wa hapa hujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mashine zenyewe zinauzwa mchana kweupe, lakini anayetaka kuitumia mtandaoni huanza kwa kudanganya mahali anapoishi, na udanganyifu huo ni uvunjaji wa masharti unaoweza kumfanya afungiwe akaunti pamoja na kila alichokilipia humo. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta waiunganishe gemu hiyo na akaunti ya PlayStation, gemu iliondolewa kwenye mauzo ya duka la mtandaoni la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, ilhali wapo wakazi wa nchi hizo waliokuwa wamekwisha kuilipia. Sharti hilo lilifutwa baada ya siku chache kwa sababu ya kelele za wachezaji wa dunia nzima. Mamlaka za nchi zetu sikuzisikia.

Hata aliyenunua kihalali, kwa diski na katika nchi inayotambuliwa, hana uhakika wa alichonacho. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014, ikaiuza kwa bei kamili, kisha ikazima seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu kupitia mtandao, tarehe 31 Machi 2024. Gemu hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa namna ambayo lazima iunganishwe na seva ya kampuni hata kama mtu anaendesha gari peke yake, hivyo siku hiyo hiyo diski zilizokuwa kabatini kwa watu zikawa hazina kazi, na baadaye wengine wakaona hata leseni yao, yaani ruhusa ya kuitumia gemu, imeondolewa kwenye akaunti. Fundi wa Keko akiniuzia kabati, kisha miaka kumi baadaye akafunga karakana, hana ruhusa ya kuingia sebuleni kwangu kulichukua. Mtengenezaji wa gemu anayo, na nimempa mimi mwenyewe kwa kubonyeza “nakubali” chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria.

Kisa hicho ndicho kilichozaa vuguvugu la Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lao rasmi kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Hawadai kwamba kampuni ziendeshe seva milele, jambo ambalo lingekuwa la kipuuzi. Wanadai kwamba kampuni inapoamua kuacha, iiache gemu katika hali ambayo aliyeilipia bado anaweza kuicheza. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua, ikiwa kwa kweli anapewa leseni tu, mpaka amweleze hivyo waziwazi. Steam, duka kubwa kuliko yote ya gemu za kompyuta, liliweka tangazo hilo hata kabla ya sheria kuanza. Nintendo nayo, ilipoleta mashine yake ya Switch 2 mwaka 2025, ilianza kuuza baadhi ya gemu kwa kadi isiyo na gemu ndani yake, yaani kadi ambayo kazi yake ni kumruhusu mteja kuipakua. Siipendi biashara hiyo, lakini angalau mbele ya boksi imeandikwa hivyo. Mtu asituambie, basi, kwamba kuandika ukweli kwenye boksi ni mzigo usiobebeka.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza, kwamba kampuni hizi ziko mbali na Tume haina mkono wa kuzifikia. Valve, kampuni ya Marekani inayomiliki Steam, ilijitetea hivyo hivyo nchini Australia iliposhtakiwa mwaka 2014 na mamlaka ya ushindani na walaji ya nchi hiyo kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha. Ilidai kwamba haifanyi biashara Australia. Mahakama iliukataa utetezi huo, na mwaka 2016 ikaitoza faini ya dola za Australia milioni 3. Sisi wenyewe, tangu Julai 2022, tunazitaka kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali zijisajili na TRA kwa ajili ya VAT, na tukaweka na kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 2. Ikiwa mauzo hayo yanafanyika Tanzania wakati wa kukusanya kodi, sioni namna yanavyoweza kuwa yamefanyika kwingine wakati wa kusikiliza malalamiko.

Wala siombi sheria mpya, ambayo najua ingechukua miaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na Tume yako tayari ina mamlaka ya kupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja, ile ambayo mteja hukabidhiwa ikiwa imekwisha kuandikwa na kazi yake ni kutia saini tu. Sijui mkataba ulioandaliwa na upande mmoja kuliko huu wa kubonyeza “nakubali”. Maofisa wako hukamata na kuteketeza bidhaa bandia, na sina ugomvi na kazi hiyo, lakini boksi halisi lisilo na kitu ndani linaweza kumtia mnunuzi hasara ileile.

Kuhusu hakimiliki, nisieleweke vibaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi, wakiwemo vijana wa hapa Dar es Salaam wanaojifunza kutengeneza gemu, na sitaki mtu aruhusiwe kunakili na kuuza kazi ya mwenzake. Hata hivyo, kwa hali ilivyo sasa, mwenye mashine iliyochokonolewa na mafundi, iliyojazwa gemu za kunakili, anacheza bila intaneti na bila hofu ya kuzimiwa, huku aliyelipa akiendelea kusubiri ruhusa ya seva. Ukiwauliza wenye mabanda kwa nini wanachukua za kunakili, bei ni nusu tu ya jibu lao.

Ningependa Tume ianze na yaliyo karibu. Waagizaji na wenye maduka ya Kariakoo watakiwe kubandika kwenye boksi maelezo ya Kiswahili yanayosema kama ndani mna diski au namba tu, namba hiyo inafanya kazi katika akaunti za nchi ipi, na kama gemu haiwaki bila intaneti. Boksi lisilo na maelezo hayo lirudishike, risiti iseme itakavyosema. Kwa kampuni za nje zilizokwisha kujisajili kwa ajili ya kodi, Tume izitake ziwasilishe masharti yao yapitiwe, na ziwape walaji wa Tanzania taarifa ya kutosha kabla ya kuzima huduma waliyoilipia. Na Tume itangaze lalamiko la aina hii lipelekwe dawati gani, kwa maana yule kijana alipouliza alielekezwa kwa mamlaka ya mawasiliano, huko akaambiwa aende polisi, na polisi wakamuuliza kilichoibwa ni nini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mlaji, Sinza, Dar es Salaam