Mwanangu, foleni ya Tunduma si deni lako

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu,

Sote huku wazima. Mama yako anasema sauti yako juzi kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko safari yenyewe. Kichwa kuuma, usingizi kukataa, kumfokea tingo kwa jambo dogo: huo ni mwili uliokaa macho kungoja hatari ukiendesha lori tangu Kurasini hadi mpakani Tunduma, bila kupewa nafasi ya kutulia.

Nusu ya presha hiyo huwa unaondoka nayo hapahapa Dar. Chukua mfano wa mizani ya barabarani. Gari lako la ekseli saba lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli ya usukani isizidi tani 8. Jumla inaweza kuwa sawa, bado ukazuiwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu mzigo umeegemea mbele. Dereva asiyejua uzito wake anaitoka Ubungo roho mkononi, na Chalinze hajaiona. Dai karatasi ya uzito kabla ya kutoka. Kama mzigo haukukaa vizuri, upangwe upya palepale yadi.

La pili ni simu ya tajiri, mwenye gari. Akikupigia kila nusu saa "uko wapi?", utakimbiza gari ili uwe na jibu zuri. Kubaliana naye mapema: ujumbe saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, ukiwa umepaki. Andika ulipo, zilizobaki kilomita ngapi, na kama kuna tatizo. Tajiri mwenye taarifa hana sababu ya kupiga. Nyumbani nao ni hivyohivyo. Habari za ada zingoje upaki.

Sasa mlima wa Kitonga. Kwenda ni kupanda tu, subira inatosha. Kazi ipo wakati wa kurudi, ukiwa na shaba mgongoni. Ingiza gia nzito ukiwa bado juu, ile ambayo injini yenyewe inalizuia gari. Ukisubiri katikati ya mteremko, gia inaweza kukataa ukabaki nyutro. Washa egzosi breki, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo. Breki ya mguu ikanyage imara mpaka mwendo upungue kama kilomita 8 kwa saa, kisha achia kabisa, mwendo ukirudi ukanyage tena. Ukiigandamiza mfululizo, ngoma za breki zinachemka na kutanuka, lining zinazozibana zinapoteza msuguano, unakanyaga gari halishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, au geji ya upepo wa breki inashuka, tafuta pa kusimama palipo salama, weka kabari, ngoja zipoe zenyewe. Usimwagie maji ngoma ya moto, inapasuka. Nimeyaweka haya kwenye barua ya msongo kwa makusudi: mikono hutetemeka kule chini kwa sababu ya gia ambayo haikuingizwa kule juu.

Usingizi nao una saa zake. Mwili unalegea kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tena mchana baada ya kula, hasa ukishindilia sahani ya wali. Kufungua dirisha na kuongeza redio hakusaidii kitu. Ukijikuta hukumbuki kilomita mbili zilizopita, umeshasinzia macho wazi. Paki. Kunywa kikombe kimoja cha kahawa, jilaze dakika 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka nayo. Lakini ukipanga kulala saa nne usiku, kahawa ya mwisho iwe mchana, maana hata zikipita saa tano tangu uinywe, karibu nusu yake bado imo mwilini. Mirungi, mbali na kuwa kosa la jinai, inauficha usingizi tu, nao utakurudia pabaya.

Tunduma ndipo wengi wanapomalizwa na kusubiri. Foleni haiendi haraka kwa wewe kuitazama. Makaratasi yakishakuwa kwa wakala, ulizia mara mbili kwa siku, basi. Mpangie tingo zamu ya kuangalia kama gari la mbele limesogea, nawe ulale kweli, pazia limefungwa. Jioni tembea dakika 20. Kifua kikibana, vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hapo ndipo mapigo yanaposhuka.

Baridi ya Makambako isikushawishi kuingiza jiko la mkaa ndani ya kebini. Ile hewa yake haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Ukirudi, pima presha ya damu, ukae dakika 5 kwanza bila kuongea. Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, twende kwa daktari. Na usingizi ukikataa wiki mbili hata ukiwa kitandani kwako, au ukaona huulali bila bia, niambie. Hilo nalo lina daktari wake.

Mama yako amekuwekea lile blanketi zito na chupa ya maji ya lita 3. Iwe tupu kila jioni. Ukifika Chalinze tuma ujumbe, ila paki kwanza.

Baba yako