Salamu za Mwaka Mpya: Deni la Wote na Lijulikane na Wote

Ndugu wasomaji,

Kwa mara nyingine Mwenyezi Mungu ametujalia kuufikia ukingo wa mwaka, na kama ilivyo ada nachukua nafasi hii kuwatakieni nyote heri, afya njema na amani majumbani mwenu. Walio safarini wafike salama, wagonjwa wapate nafuu, na waliofiwa wafarijiwe. Nayasema haya nikijua kwamba wengi wameupokea msimu huu kwa shida, kwa kuwa bei zimepanda na mishahara imebaki pale pale.

Mwaka huu nilimzika baba yangu. Alikuwa karani wa hesabu serikalini kwa miaka mingi, na alistaafu akiamini kwamba uaminifu wake ungelipwa kwa uaminifu. Kiinua mgongo chake kilichelewa mno. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa faili halionekani, na lilipoonekana akaambiwa fedha hazijatoka Hazina. Hakuna aliyemweleza sababu. Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake tukakuta stakabadhi za kodi zote alizolipa, zimepangwa mwaka baada ya mwaka, haikosekani hata moja.

Tangu siku ile, kila ninaposikia habari za mikutano ya mataifa kuhusu mikopo na ushirikiano wa kiuchumi, huzikumbuka stakabadhi zile. Serikali nyingi zilizoelemewa na madeni hulipa kwanza wakopeshaji wa nje, kisha ndipo wastaafu, walimu na wagonjwa hugawana kinachobaki. Pengine hapakuwa na njia nyingine. Lakini mwananchi aliyenyimwa haki yake bila maelezo atajitafutia maelezo mwenyewe, naye kwa kawaida huhitimisha kwamba ameibiwa, na mara nyingine huwa hajakosea.

Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa takriban dola bilioni 2 kutoka benki za kigeni, kwa kisingizio cha uvuvi wa jodari na ulinzi wa pwani, tena kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuiidhinisha. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ilifichwa hadi mwaka 2016. Siri ilipofichuka, Shirika la Fedha la Kimataifa pamoja na wafadhili wengine walisitisha misaada, sarafu ya nchi ikaporomoka, na aliyebeba mzigo akawa raia ambaye hata jina la kampuni hizo hakuwahi kulisikia. Hapo walikosa waliosaini na walikosa pia waliokopesha, maana mkopeshaji anayekubali dhamana ambayo Bunge haliijui hawezi kujiita mshirika wa maendeleo ya nchi hiyo.

Na mfumo wenyewe wa dunia haujatenda haki. Mwezi Agosti 2021, dunia ikiwa bado katika janga la korona, Shirika hilo hilo la Fedha liligawa akiba maalumu yenye thamani ya dola bilioni 650. Bara zima la Afrika likapata kiasi cha bilioni 33, kwa kuwa mgawo hufuata ukubwa wa hisa za kila nchi katika Shirika hilo, haufuati ukubwa wa dhiki. Zambia ilishindwa kulipa deni lake mwezi Novemba 2020, na ilibidi ingoje hadi Juni 2023 ndipo serikali zinazoidai zikakubaliana nayo namna ya kuliahirisha. Zaidi ya miaka miwili na nusu wadai walivutana mezani huku wananchi wakisubiri.

Hata hivyo sikukuu si wakati wa kukata tamaa, nami ninao mfano ambao baba, kwa kazi yake, angeupenda. Uganda ya miaka ya 1990 iligundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa katika kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu mahali ambapo mzazi yeyote angeweza kuzisoma. Kufikia mwaka 2001 kiwango kilichofika kilizidi asilimia 80. Wachambuzi wengine husema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia pia, na huenda ni kweli. Lakini mzazi anayejua shule ya mwanawe imepelekewa shilingi ngapi ana la kumuuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana la kumjibu.

Basi nawasihi mnaoshika kalamu kwa niaba yetu: msisaini usiku msichoweza kukisoma mchana. Chapisheni mikataba ya mikopo, masharti yake na riba yake, kabla Bunge halijapiga kura. Nanyi mnaokopesha, wa Mashariki na wa Magharibi, ondoeni vipengele vya usiri mnavyovidai. Umoja wa Afrika ulipata kiti katika G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa duniani, mwezi Septemba 2023, nasi tulifurahi. Kiti hicho kitatufaa iwapo anayekikalia atarudi nyumbani na kutueleza amekubali nini kwa jina letu. Nasi raia tusikimbie wajibu. Tusome bajeti, tudai stakabadhi, tulipe kodi kwa haki, tusimchague mtu kwa zawadi ya siku moja kisha tukamlilia miaka mitano. Wazazi wafundisheni watoto kwamba mali ya umma ina mwenyewe, na mwenyewe ni wao.

Narudia salamu zangu. Mwaka mpya uwe wa heri, mvua na mavuno, na Mungu awalinde nyote. Kwa namna ya pekee nawaombea wastaafu wanaosubiri haki zao mwaka huu, faili zao zionekane na fedha zao zitoke wangali hai.

Heri ya Mwaka Mpya.