Wimbo Mpya Utajwe Jina Lake Redioni

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hivi karibuni katika ukurasa huu wa barua kwamba redio za jamii za mikoani zimegeuka jalala: kila kijana aliyepata hela ya kuingia studio anatupa wimbo wake huko, nazo zinaupiga kwa kuwa hazina uwezo wa kupata nyimbo za maana. Naomba nafasi nimjibu. Jalala mojawapo nalisimamia mimi, kila Jumamosi jioni, kwa kujitolea, katika redio ndogo ng'ambo ya Busisi, upande wa pili wa maji ukitoka Mwanza mjini.

Kwanza ajue anabishana na nani. Kabla ya kushika maikrofoni nilikuwa muuza kanda Mwanza mjini. Nilianza na kaseti, zikaja CD, mwishoni nikawa na kompyuta moja na foleni ya watu wanaotaka kuingiziwa nyimbo kwenye memori kadi. Katika miaka yote hiyo sikumbuki mteja aliyetaka kujua kama msanii ana lebo au hana. Swali lao lilikuwa moja: kuna kipya? Na kipya walichokitaka watu wa Ukerewe, wa Kahama na wa machimbo ya Geita mara nyingi hakikuwa kwenye redio yoyote. Kilirekodiwa katika chumba cha nyuma ya saluni, manju wa Kisukuma, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na kinanda, kisha manju mwenyewe akatembea nacho mnada kwa mnada na kuniachia nakala nimuuzie. Kanda za namna hiyo zilitoka dukani kwangu haraka kuliko za mastaa wa Dar es Salaam.

Sasa hizo "nyimbo za maana" zilipewa maana na nani? Enzi za RTD, redio ya serikali, bendi ilifunga safari kwenda kurekodi katika studio ya redio, kwa sababu njia nyingine zilikuwa chache mno. Hata hivyo, waliovuma hawakuwa wa Dar peke yao. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa Morogoro. Mbaraka Mwinshehe alijengea jina lake hapohapo Morogoro akiwa na Morogoro Jazz. Tabora Jazz sina haja ya kusema walitoka wapi. Msikilizaji alijua bendi na alijua mji. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipoondoa ukiritimba wa redio ya serikali, Radio One ikaanza 1994 na nyingine zikafuata, wengi wetu tulitegemea kusikia miji mingi zaidi. Leo zungusha kitufe kutoka mwanzo wa FM hadi mwisho uone: stesheni nyingi, nyimbo zilezile, hata kupangwa kwake kunafanana.

Nadhani mfano wa singeli unatosha kumfumbua macho msomaji huyo. Muziki ule ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, ukalelewa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na flashi za vijana. Wapo watangazaji walioukataa wakisema ni kelele. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati, na baada ya hapo vijana wale wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mpaka siku hiyo, ni redio ngapi za kwetu zilikuwa zimewataja kwa majina? Watu wa Kampala hawakuwa na masikio kutuzidi. Walikwenda wakauliza aliyetengeneza ni nani, wakaandika jina lake kwenye jalada.

Na hapo ndipo penye hoja yangu, Mhariri. Kupiga wimbo mpya ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kumtaja mwenye wimbo, kabla haujaanza na baada ya kuisha, kisha kuandika kwamba ulipigwa.

Nieleze nyimbo zinavyonifikia. Zamani zilivuka kwa kivuko na kondakta wa basi, flashi imefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa namba ya simu. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lakini flashi zimepungua kwa sababu kila kitu kinatumwa WhatsApp. Faili linaingia likiwa na jina la AUD, WA na tarakimu nyingi, na ujumbe chini yake: Mzee, sikiliza hii ngoma ni moto. Basi. Jina la msanii hakuna, la wimbo hakuna. Ukipiga simu unaambiwa anayo prodyuza. Prodyuza naye yuko kwenye harusi Katoro.

Kwangu kanuni ni moja: bila jina hauingii hewani. Wengine wananiona mkali. Lakini ngoja uone kinachotokea wimbo mzuri ukipita bila kutajwa. Wanaopiga simu kwa wingi kwenye kipindi changu ni watu wa mialoni, kwenye kambi za wavuvi kando ya ziwa, hasa siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na wako kambini na redio zao. Wanauliza: huyo aliyeimba sasa hivi ni nani, anapatikana wapi, anaweza kuja kutupigia tukipata mavuno? Jibu likiwa sijui, mwimbaji huyo amepoteza kazi ya usiku mzima, na hatajua kamwe kwamba aliipoteza. Jibu likiwepo, ni jambo la simu moja tu. Sherehe za mialoni na harusi za vijijini ndiyo soko la wasanii wetu. Boomplay na Audiomack, zile programu za kusikilizia muziki kwenye simu, ni vizuri kuwemo, lakini mwanika dagaa hanunui bando ili asikilize wimbo wa mtu asiyemjua. Anausikia kwanza redioni, bure, akiwa anageuza dagaa.

Baada ya jina kuna daftari. Letu ni kaunta buku la kawaida. Tunaandika tarehe, saa, jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, studio na kijiji. Vijana wanaojitolea hucheka nafasi ya mtunzi, wanaona ni yuleyule mwimbaji. Usukumani siyo hivyo. Manju anatunga, kundi linaimba, mara nyingine kijana wa kinanda anaibadili sauti mpaka manju mwenyewe hautambui wimbo wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatenganisha watu hawa: mtunzi ana haki yake, na mwimbaji na aliyerekodi nao wana zao. Pesa ikija bila maandishi, wanagombana. Nimeshuhudia kundi likivunjika kwa sababu ya tangazo moja la duka la mbegu lililotumia wimbo wao.

Na mirabaha je, yale malipo ya msanii kazi yake inapotumika? COSOTA, taasisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha mwaka 2022, na watu huku wakauliza mbona hawakuona kitu. Mimi niliwauliza kwanza: umesajili kazi yako? Wengi hawakuwa wamesajili. Lakini hata aliyesajili anahitaji ushahidi kwamba wimbo ulipigwa. Kama kumbukumbu zitakazopatikana ni za redio za mjini peke yake, mgawo utafuata hukohuko mjini, na hakuna atakayekuwa ameiba. Ndiyo maana nasema redio ya jamii isiyoandika inachopiga inamsaidia msanii kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Huu ni ukali wangu kwa wenzangu, siyo kwa msomaji.

Kuhusu jalala, hapa nitampa msomaji nusu ya haki yake. Nyimbo mbovu zinakuja, tena nyingi. Zipo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa mpaka spika inapasuka. Zipo ambazo prodyuza anapaza jina la studio yake kila baada ya mstari kama mpiga debe wa stendi. Zipo zenye biti ya kupakua. Ziliwahi kuingia mbili kwa wakati mmoja, kutoka vijiji viwili tofauti, moja ya mapenzi na nyingine ya kumsifu diwani, biti moja! Hizo zote narudisha, na ninaeleza kwa nini. Anayerudishiwa bila maelezo huenda akadhani ananyimwa kwa sababu ya kabila au chama, na huku kwetu maneno ya namna hiyo hayakawii.

Mengine ni ya kufundishana tu. Wimbo ukitumwa WhatsApp kama sauti ya kawaida unaweza kufika umebanwa, umepoteza besi na uhai wote. Utumwe kama dokumenti. Jina la msanii liandikwe kwenye faili lenyewe, siyo kwenye ujumbe, maana ujumbe hubaki kwenye simu yangu wakati faili linakwenda kwa fundi mitambo. Mambo mawili hayo yangeokoa nusu ya nyimbo zinazozikwa kwenye kompyuta za redio zetu.

Kuna kazi ambayo hakuna kompyuta itakayoifanya. Nyimbo za Kisukuma zina mafumbo, na ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyokutana kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, umejaa vijembe. Mimi ni Mkerewe. Kisukuma changu ni cha sokoni. Mstari unaoonekana kwangu ni sifa za ng'ombe unaweza kuwa tusi kwa ukoo mzima. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi nampelekea spika bibi mmoja jirani, anasikiliza huku anachambua maharage. Akicheka mapema mno najua wimbo huo haupigwi. Leseni yetu ni ya jamii na kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu lugha ya matusi haziangalii tusi limetamkwa kwa lugha gani.

Wimbo ukishapita kwa bibi, namna ya kuupanga nayo ina siri yake. Ukiweka nyimbo ngeni tupu kwa saa nzima watu watahama. Mimi nauweka mpya katikati ya salamu. Mtu anayesubiri jina lake lisomwe, amsalimie shangazi yake wa Nyehunge, hawezi kuondoka; atausikiliza akitaka asitake. Jumamosi inayofuata naupiga tena, na nyingine tena. Mara ya kwanza wanavumilia, ya pili wananyamaza, ya tatu wanauomba wenyewe kwenye ujumbe wa salamu. Wimbo usioombwa baada ya hapo nauacha, hata kama mimi ninaupenda. Upo mmoja wa zeze, wa mzee kutoka upande wa Dodoma, ninaoupenda sana na hakuna anayeuomba. Naupiga wakati wa kufunga mitambo, ni haki yangu ndogo.

Niseme na la hela ya soda. Kijana mmoja alikuja studio na bahasha, akaiweka mezani kabla hata ya salamu. Nilipomrudishia aliogopa, akadhani ni ndogo. Alikuwa ameshatoa kwingine, kwenye redio ambayo sitaitaja, akaambiwa ndiyo utaratibu. Msomaji wenu anapojiuliza kwa nini nyimbo fulani zinapigwa kutwa mara kumi, aanze kuchunguza hapo kabla hajafika kwetu. Sisi hatuna cha kuuza. Tuna watangazaji wasiolipwa, umeme wa sola na fundi mitambo anayeazimwa shule ya sekondari. Kwa kuwa hatuna bei, wimbo wa mtu asiye na kitu una nafasi sawa na wa mwenye meneja.

Kinachotukosesha nguvu ni kwamba kila redio imejifungia kwake. Wimbo ukivuma huku kwetu Buchosa unaishia pale mawimbi yetu yanapoishia. Pangani kuna redio, Terrat kule Simanjiro kuna redio, Karagwe ipo, Micheweni Pemba ipo, na kila mojawapo ina nyimbo ambazo mimi sijawahi kuzisikia. TADIO, mtandao wa redio za jamii, una jukwaa ambalo stesheni zetu hupandisha habari na wengine wakazisoma. Naomba waongeze humo kapu la nyimbo: kila redio ipandishe mbili au tatu kila mwezi, zenye majina kamili na ruhusa ya msanii kwa maandishi, nasi wengine tuzipige na kurudisha taarifa ya mara ngapi zimepigwa. Nanga, ala ya nyuzi ya Kihaya, isikike Pangani. Mpiga kidumbaki wa Pemba apate salamu kutoka kambi ya wavuvi ya Kome.

Na wewe Mhariri, nina ombi kwako. Gazeti lenu lina kurasa za burudani, na sehemu kubwa ni nani kaachana na nani. Tupeni kona ndogo ya nyimbo mpya za mikoani: jina la wimbo, aliyeimba, aliyetunga, anakopatikana, mstari mmoja wa kueleza unahusu nini. Hatuombi picha. Kona ya kwanza naweza kuijaza kesho, kutoka kwenye kaunta buku. Msomaji aliyelalamika naye anakaribishwa kuandika nyimbo zipi kati ya hizo ni takataka, mradi aseme amezisikiliza.

Wako,
Muuza kanda mstaafu na mtangazaji wa kujitolea,
Ng'ambo ya Busisi, Mwanza