Nyumba hailali, nami saa 9 usiku naamka kukanda unga

Shangazi, assalamu alaykum.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi kwenye majumba ya Michenzani, Unguja. Kazi yangu maandazi. Saa 9 za usiku niko jikoni nakanda, maana migahawa ninayoipelekea inataka mzigo kabla ya saa 12 asubuhi, na andazi la jana halina mnunuzi. Kazi naipenda na ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo tafadhali usinishauri niiache.

Taabu iko kabla ya hiyo saa 9. Baada ya sala ya Isha ndiyo kwanza nyumba yetu inachangamka. Mume wangu ni dereva wa daladala, anaingia saa 3, anataka chakula cha moto na mtu wa kukaa naye. Mamkwe hufungua tamthilia yake ukumbini, na chumba changu kiko ukuta kwa ukuta na hiyo televisheni. Mawifi nao huja saa hizo hizo, na unajua kwetu mgeni haachwi peke yake. Nikijilaza ni saa 6. Kaskazi hii ndiyo basi tena: kuta za saruji zimekunywa jua mchana kutwa, feni inazungusha joto lile lile.

Siku hizi nasinzia nimesimama mbele ya karai la mafuta ya moto, na hilo linanitisha kuliko yote. Watoto nawafokea kwa mambo ya bure. Nilikwenda kituo cha afya kwa kichwa kuniuma, nikakutwa na presha. Muuguzi aliniambia mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na kwamba usingizi haba wa muda mrefu huchangia presha kupanda. Akanikataza simu kitandani, na chai ya rangi baada ya adhuhuri, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Nimeacha vyote, ingawa chai iliniuma.

Jirani ananishauri nimeze vidonge vya mafua, mamkwe ananitilia kungumanga kwenye maziwa. Vidonge sivitaki, nitaamkaje? Kungumanga kidogo sina neno nayo, ikizidi ndiyo sumu. Lakini usingizi ninao tele, Shangazi! Ninachokosa ni nafasi ya kuulala. Nilijaribu hata kukanda jioni kwa hamira kidogo ili niamke saa 10, unga ukachacha kwa joto. Friji lingenisaidia, limejaa samaki wa mamkwe.

Hesabu yangu: nikilala saa 3 hadi saa 9 napata saa 6, na moja ya mchana kabla watoto hawajarudi skuli, zinatimia 7. Nilipomgusia mume wangu akasema, "Sasa mie nile na nani?" Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana nikakosa jibu. Mamkwe sijamwambia lolote. Nimwambie vipi apunguze sauti katika nyumba ya mwanawe?

Nianze na nani, mume au mamkwe, na kwa maneno gani? Mawifi nao niwaageje bila kuonekana najivuna? Na wenzangu mnaoamka usiku kwa vitafunio, huo usingizi wa vipande viwili unawafaa, au najidanganya?

Mama Maandazi,
Michenzani