Vidonge vya wasiwasi visiuzwe kama pipi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku Nkuhungu, Dodoma. Naomba kanafasi niongelee hivi vidonge vya kutuliza wasiwasi, maana huku mtaani mtu akisema tu moyo unamwenda mbio au halali usiku, ushauri wa kwanza ni "nenda duka la dawa kachukue diazepamu". Na anauziwa kweli, cheti haulizwi, anahesabiwa vidonge kwenye kibahasha anaambiwa meza kimoja usiku, imeisha hiyo. Wakati dawa hii kisheria ni ya kuandikiwa na daktari.

Mi naishi na mdogo wangu wa kike ana tatizo la kuogopa kutoka nje. Sio uvivu, sio kujidai kama majirani wanavyosema, na mapepo ndo usiseme, tumeshaombewa mpaka basi. Ilimuanzia ndani ya daladala ya kwenda Majengo, gari imejaa, jua la Oktoba la hapa kwetu mnalijua, pumzi ikakata, mikono ikafa ganzi akaona kabisa anakufa. Kufika kwa daktari moyo mzima, presha safi. Lakini tangu siku hiyo soko hakuna, kanisani hakuna, hata msiba wa nyumba ya pili anachungulia dirishani.

Diazepamu ilimsaidia, sikatai. Akimeza, baada ya muda si mrefu ametulia, akaenda Majengo akarudi na dagaa zake na mchicha nyumba nzima tukashangilia. Kumbe shida iko hapo hapo kwenye kusaidia. Kichwani mwake aliyemfikisha sokoni ni kidonge, sio yeye, kwa hiyo bila kidonge hata genge la pale kona hafiki. Akawa anavifunga kwenye pindo la khanga, kabla hajavuka geti anapapasa kwanza pindo, akikuta hamna kitu anageuza anarudi ndani. Yaani sasa anaogopa vitu viwili, kutoka na kuishiwa.

Kliniki tuliyokuja kwenda baadaye ndo walituelewesha. Hofu ya namna hii inapanda, inafika juu, halafu ukibaki pale pale inashuka yenyewe, na ndo mwili unavyojifunza kwamba hamna hatari. Ukiizima na kidonge kila ikianza kupanda, mwili haujifunzi kitu, mwaka unaisha uko palepale. Tena ndani ya wiki chache tu mwili unaanza kuizoea dawa, dozi ya zamani haitoshi, na mtu aliyetumia muda mrefu akiikata ghafla wasiwasi unarudi umeongezeka, usingizi hamna, anatetemeka, wengine wanapata mpaka degedege. Kwa hiyo anayevitumia sa hivi asije akasoma barua hii akavitupa chooni, aende apunguziwe taratibu. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 halishauri dawa za jamii hii kwa watu wazima wenye mashambulizi ya hofu kama ya mdogo wangu. (Na wale wanaomeza halafu wanashushia na mvinyo wa zabibu zetu, au anameza anapanda bodaboda anabeba abiria, hao wanacheza na kifo, pombe na dawa hii vikikutana vinaweza kuzima hata pumzi.)

Sisemi dawa zote mbaya. Zipo kama fluoksetini, unameza kila siku sio ukisikia hofu, ila inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na siku za mwanzo inaweza hata kuongeza wasiwasi. Hapo ndo wengi wanaacha, "dawa imenizidishia", mdogo wangu naye nusura aache ila bahati nzuri alikuwa ameshaambiwa mapema.

Kilichomtoa ndani hasa ni mazoezi. Alianza na kusimama getini, ikaja genge, ikaja stendi lakini hapandi gari, anakaa kwenye benchi la mama wa chapati jasho linamtoka mpaka moyo utulie wenyewe ndo anaruhusiwa kurudi, akiondoka hofu ikiwa bado juu zoezi limeharibika. Mama wa chapati mwanzoni alidhani anamsubiri mwanaume. Sa hivi anapanda daladala saa nne asubuhi wakati watu wamepungua, anashuka kituo kinachofuata, khanga haina fundo. Majengo bado.

Sisi wa Dodoma tunasikitisha jamani, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapa hapa tangu enzi za mkoloni, watu wanatoka mikoa ya mbali na mabegi kuja kutibiwa, sisi jina lake tumeligeuza tusi la kutaniana kwenye vijiwe. Watu wanaenda kliniki pale asubuhi wanaonana na daktari wanarudi zao nyumbani kupika, lakini ukimwambia mtu aende anakununia mwezi, anaona heri kibahasha cha dukani.

Ombi langu kwa TMDA (ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na Baraza la Famasi, wapite kwenye maduka ya mitaani wasipite tu zile famasi kubwa za mjini. Na Wizara ya Afya, ambao ofisi zao ziko hapo Mtumba, wafundishe manesi wa zahanati haya mazoezi ya hatua kwa hatua, hayahitaji mashine wala umeme. Sisi wa mjini tulibahatika kupata kliniki, sasa mtu wa Mpwapwa ndani ndani huko au Kondoa anayeshindwa hata kufika getini, nani atamfuata?

Dada mtu,
Nkuhungu, Dodoma