Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Trafiki: Naomba Ukurasa Mmoja Tu

Kwako Bwana Mkuu wa Trafiki,

KUH: ABSTRAKTI YA POLISI YA AJALI YA TAREHE 11 JULAI 2023

Kwa heshima na taadhima ninakusalimu, nikitumaini kwamba u mzima na kwamba miguu yako yote miwili inakubeba vyema. Jina la kituo chako sitaliandika hapa, wala lako, kwa kuwa sikusudii kukuaibisha. Ukifika mwisho wa barua hii utajijua. Nimekuandikia barua tatu kabla ya hii nikiomba abstrakti, yaani muhtasari wa polisi wa ajali yangu, nikazileta kwa mkono, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Hii ya nne nimeona heri isomwe na kila mtu, kwa maana zile za faragha hazikusomwa na mtu.

Ijumaa iliyopita nilifika kwenye kaunta yako kwa mara ya kumi na nne. Ninahesabu kwa sababu kila safari hunigharimu nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kukifunga kibanda changu cha mitumba pale Gikomba, na muuza mitumba asiyefungua robota siku ya Ijumaa ameipoteza wiki. Niliambiwa, kama nilivyoambiwa Januari na kabla ya Januari, kwamba afisa mpelelezi wa jalada langu alihamishwa, kwamba aliyechukua nafasi yake yuko kortini, na kwamba nisubiri kwenye benchi. Nilisubiri tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Katika muda huo aliingia bwana mmoja aliyevaa suti ya kijivu, akainamia kaunta, akanong'ona, akacheka na vijana wako, na kabla sijamaliza kuunyoosha mguu akatoka na abstrakti mbili mkononi zikiwa zimepigwa mihuri ambayo wino wake bado haujakauka. Nilipouliza kama foleni ina sura mbili, konstebo mmoja, umri wa mwanangu wa pili, aliniuliza: "Mama, kwani wewe huchoki?"

Nimechoka, Bwana Mkuu, na ndiyo maana ninaandika.

Kwa kuwa inaelekea jalada limepotea hata akilini mwa wenye jalada, niruhusu nikumbushe. Jumanne ile, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, matatu niliyokuwa nimepanda kwenye Barabara ya Jogoo ilipunguza mwendo karibu na steji bila kusimama, makanga akagonga bodi mara mbili na kuniamuru nishuke upesi kwa kuwa gari la nyuma lilikuwa likipiga honi. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha kugusa lami na wa kulia ungali kwenye ngazi wakati dereva alipokanyaga mafuta. Muundi ulivunjika mahali pawili. Leo umeshikwa na bamba la chuma na skrubu saba, na wakati wa baridi ya Julai ninaweza kuzihesabu zote saba bila picha ya eksirei.

Siku ya tatu nikiwa wodini alikuja konstebo mpole kutoka kituoni kwako, akaandika maelezo yangu, akaniambia ajali imeandikishwa, na kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine akaniandikia nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo, kwenye ile bahasha ndogo ya kahawia ya vidonge. Bahasha hiyo ninayo hadi leo. Ila kuna jambo ambalo sijawahi kulielewa. Siku moja kabla ya konstebo huyo kufika, alikuwa amekwisha kuja mtu mwingine kitandani pangu, akanitaja kwa majina yangu matatu, akaitaja matatu iliyoniumiza, na akanitolea karatasi nitie dole gumba ili "wakili wake" anishughulikie. Nilikataa kwa sababu nilikuwa na maumivu, si kwa sababu nilikuwa na akili. Jirani yangu wa kitanda cha pili alitia dole. Sisemi kwamba mtu huyo alipata habari zangu kwenye daftari la kituo chako. Ninauliza tu kwamba kama hakuzipata huko, alizipata wapi, maana hata dada yangu alikuwa hajajua nimelazwa.

Pengine tatizo ni kwamba hakuna aliyekueleza karatasi hii ni ya kazi gani, basi unisamehe nikikufundisha kazi yako kwa kifupi, nami nilifundishwa na wakili aliyekuwa na subira kuliko mimi.

Aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine hadai huruma. Anadai fidia, na sheria inamtaka athibitishe kwamba yule mwingine alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba aliuvunja wajibu huo, na kwamba madhara aliyoyapata yalitokana na hapo. Dereva wa matatu ana wajibu kwa abiria wake. Hilo halina mabishano. Mabishano huanza kwenye namna ajali ilivyotokea, kwa sababu kampuni ya bima itadai kwamba mimi niliruka gari likiwa kwenye mwendo, na mahakama ikikubali hata nusu ya hadithi hiyo, lawama hugawanywa kwa asilimia: nikistahili shilingi 500,000 na kulaumiwa asilimia 30, ninabaki na shilingi 350,000. Ushahidi wa kuizima hadithi hiyo uko wapi? Uko kwenye jalada lako: mchoro wa mahali pa ajali, maelezo ya abiria wawili walionibeba kunitoa barabarani, na habari za kama dereva alishtakiwa au hakushtakiwa. Akitiwa hatiani katika mahakama ya trafiki, Sheria ya Ushahidi inaichukua hukumu hiyo kuwa thibitisho la kosa lake. Lakini sijui kama alishtakiwa. Sijui hata jina lake. Unalijua wewe.

La pili ni bima, na hapa ndipo ninapokwama kabisa. Nambari ya gari ninayo, kwa sababu kijana mmoja aliipiga picha kabla halijaondoka. Nilikwenda kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, nikalipia rekodi za gari, nikapata jina la mwenye gari aliyesajiliwa. Mzee huyo nilimpigia simu. Akaniambia aliiuza matatu hiyo zamani na aliyeinunua hakubadilisha jina. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo ninaweza kumshtaki. Lakini nikishinda nitabaki na hukumu ya kutundika ukutani, kwa sababu mzee mwenyewe, kwa sauti niliyoisikia, hana kitu. Anayelipa katika mambo haya ni kampuni ya bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, na inailazimisha kampuni ya bima kuilipa hukumu aliyopewa aliyeumia, hadi shilingi milioni 3 kwa dai moja, mradi kampuni hiyo imepewa notisi ya kesi kwa wakati. Notisi hiyo nitampelekea nani? Jina la kampuni na nambari ya bima huandikwa kwenye mistari miwili ya abstrakti. Mistari miwili, Bwana Mkuu. Dai langu lote limening'inia hapo kama nguo kwenye kamba.

La tatu ni muda, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inanipa miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi. Ingekuwa gari la serikali mlango ungekuwa umefungwa zamani, kwani dai dhidi ya serikali hupewa miezi 12 pekee. Kwangu mimi mlango utafungwa Julai hii, yaani imesalia miezi minne hivi. Nilimuuliza wakili kama mahakama haiwezi kuniongezea muda ikijua kwamba kosa si langu. Alinijibu kwamba nyongeza hiyo hutolewa kwa sababu chache mno, hasa kwa aliyekuwa hajui mambo muhimu ya dai lake, na kwamba mtu aliyezunguka kituoni mara kumi na nne hawezi kusema alikuwa hajui. Yaani bidii yangu mwenyewe ndiyo itakayonifunga!

Na wakati ninasubiri, ushahidi wangu unafutika machoni pangu. Gharama za matibabu hazikisiwi mahakamani. Hutajwa moja moja kwenye madai na kuthibitishwa kwa risiti, na usipokuwa na risiti hupati hata senti, liwe jeraha kubwa namna gani. Wakati ule NHIF, bima ya afya ya taifa, ilikuwa bado hai na ililipa sehemu. Iliyobaki niliilipa mimi, na risiti nilizihifadhi kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mwezi wa Desemba nilipoufungua mkebe nilikuta risiti za duka la dawa, zile za karatasi laini inayoteleza, zimekuwa nyeupe kama hazijawahi kuandikwa. Nilipoiinamisha moja kwenye mwanga niliona kivuli cha neno na nusu ya tarakimu. Nilikimbia, kama mwenye mkongojo anavyokimbia, hadi kwa kijana wa fotokopi nikaokoa zilizosalia. Magongo, nauli za teksi za kwenda fiziotherapia, bandeji: hizo zimekwenda. Laiti abstrakti ingetoka katika mwaka wa kwanza, risiti hizo zingekuwa zimewasilishwa kortini zikiwa zinasomeka.

Fidia ya maumivu yenyewe haina risiti. Hakimu huangalia kesi za awali za majeraha yanayofanana na hili langu na ripoti ya daktari, na bima nayo humleta daktari wake anipime upya. Chuma kinatakiwa kutolewa siku moja, na gharama hiyo ya baadaye pia ni lazima itajwe kwenye madai. P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ninayo. Ilijazwa na daktari bila malipo, ingawa kijana wako mmoja aliniomba "ya karatasi" kabla ya kunipa fomu, chini ya bango lililoandikwa kwamba fomu hiyo ni bure. Nilimwonyesha bango. Tangu siku hiyo, nadhani, jalada langu ndipo lilipoanza kupotea.

Au labda lilipotea mapema zaidi. Kesho yake baada ya ajali, Jumatano tarehe 12 Julai, ilikuwa siku ya maandamano, jiji limejaa moshi wa vitoa machozi, na ninaweza kuelewa kwamba siku hiyo hapakuwa na polisi wa kufikiria mguu wa muuza mitumba. Siku hiyo ninaisamehe. Lakini baada yake zimepita siku zaidi ya mia tisa, ambazo si zote zilikuwa za maandamano.

Ulikuja mwenyewe kwenye baraza letu katika ukumbi wa kanisa mwaka juzi, ukasimama mbele ya akina mama, ukasema kwamba katika kituo chako abstrakti haizidi siku tatu, na anayecheleweshwa aje amwone Mkuu mlangoni. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa mkono mmoja nikigonga meza, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshika mkongojo. Nimekuja mlangoni mara sita tangu siku hiyo. Mlango ninaujua hata kwa mikwaruzo yake; wewe ndiye sijakuona.

Pale Milimani kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, na sheria yake inasema kesi isikilizwe na kuamuliwa katika siku 60. Hakimu amepewa siku 60 kuwasikiliza watu wawili wanaogombana, kupima ushahidi, na kuandika hukumu. Wewe umekuwa na miaka miwili na miezi minane kujaza fomu moja.

Najua Katiba, katika kifungu cha 47, inanipa haki ya kutendewa upesi na kupewa sababu kwa maandishi ninapodhulumika na uamuzi wa ofisi ya umma. Basi kama jalada limepotea, niandikie kwamba limepotea, utie sahihi na muhuri, nami nitaipeleka barua hiyo mahakamani. Kama uchunguzi unaendelea, niandikie abstrakti iseme uchunguzi unaendelea; wengi hupewa hivyo, na inatosha, kwa kuwa jina la bima halingojei uchunguzi. Kama dereva alishtakiwa, nipe nambari ya kesi. Siombi pesa zako, siombi mtu afungwe, wala simwombei konstebo aliyeniuliza kama sichoki apewe uhamisho, maana inaonekana uhamisho ndio unaomeza majalada. Ninaomba abstrakti. Ukurasa mmoja.

Nitakuja Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla hujaenda mkutanoni. Nitaleta kalamu yangu, kwa sababu mara ya kumi na tatu niliambiwa ya ofisi imeisha wino, na nitaleta ile bahasha ya vidonge yenye nambari ya OB kwa mwandiko wa afisa wako mwenyewe. Nitaketi kwenye benchi lile lile. Nikikaa kwa muda mrefu mguu huvimba, kwa hiyo nitakuwa nimeunyoosha. Tafadhali mwambie atakayepita asiukanyage.

Wako mtiifu, bado,

Muuza mitumba wa Gikomba,
Nairobi.